Sauti Niliyoitoa Kwenye Friji

Jumanne, tarehe 3
Kinanda cha kwaya kimekufa, na mashindano ni Jumamosi! Mwalimu wa kwaya kauliza nani atatupa sauti ya kuanzia. Mpiga kinanda akafungua mdomo. Nikamwahi. Nikasema mimi nina sikio la kuzaliwa, sauti nikiisikia mara moja hainitoki kichwani. Mdogo wangu ndiye anayeanza wimbo peke yake, na majaji watamchagua mmoja kwenda chuo cha muziki. Akanivuta pembeni, akaniuliza kama nina uhakika. Nikacheka. Uongo mtupu.

Jumatano, tarehe 4
Nimegundua! Friji letu linavuma sauti ileile ya kuanzia wimbo wetu. Nimeibeba mdomoni hadi mazoezini, mmmm njia nzima, nikaitoa sawasawa. Mwalimu kapiga makofi. Mpiga kinanda kanuna. Safi sana.

Jumamosi, tarehe 7
Aibu. Nilifika ukumbini na sauti yangu mdomoni. Mlangoni, mama mkwe! Mama mkwe huwezi kumjibu mmmm. Nikamwamkia. Akauliza habari za nyumbani, za watoto, za mgongo wangu. Nilipomaliza kujibu, sauti imeyeyuka. Nikabahatisha. Juu mno! Mwalimu akaninong'oneza nishushe. Nikashusha: nikavuma ileile, kwa sauti ndogo. Akasema shusha! Nikaivuma kwa pumzi tu. Kwaya nzima ikageuka. Ndipo walipojua kwamba mwenye sikio la kuzaliwa hatofautishi sauti ya juu na sauti kubwa. Mdogo wangu akaanza hivyohivyo. Mstari wa tatu, sauti ikamkatika. Miezi minane ya mazoezi! Akasimama pale mikono imemlegea, na mimi natazama viatu vyangu.

Jumapili, tarehe 8
Hajanigombeza. Kaja chumbani, kasema pole, kaka. Heri angenitukana. Nimejifungia bafuni, nimefungulia maji, nimelia. Naona haya hata kumtazama mama. Nimeapa: sitajidai tena maishani.

Jumatatu, tarehe 9
Chuo kimemwonea huruma, aende Ijumaa kuimba tena. Mpiga kinanda atamsindikiza. Mimi nimeombwa, kwa heshima zote, nibaki nyumbani. Nastahili. Ila yule bwana wa kinanda nimemsikia akikohoa. Nimempigia simu mwalimu, nikamwambia akizidiwa nipo, kinanda nimekipiga tangu utotoni. Kafurahi. Jirani kaniazima chake. Vitufe vyeupe nimevielewa. Vyeusi nadhani ni vya akiba.