Kibao cha Shaba Langoni kwa Noske

Jumatatu, 3 Machi

Kibao kimefika. Shaba tupu, herufi kubwa: GARROW. Kimechelewa siku nne kwa sababu dereva wa mizigo hakunipata. Alimuuliza Glenys wa dukani nyumba ya Garrow iko wapi. Glenys akamjibu kwamba hapa Pindle Flat hakuna Garrow, labda ajaribu mji wa mbele. Glenys! Ananiuzia mkate kila asubuhi, mwaka wa kumi na saba huu! Dereva akaenda mji wa mbele, akarudi, akamwonyesha jina la kwanza, Mervyn. Ndipo Glenys akasema aa, Merv, yule anayekaa kwa Noske, si ungesema.

Noske alikufa miaka ishirini iliyopita. Nyumba nimeinunua mimi. Hati ninayo mimi. Paa nimebadilisha mimi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe nilipewa. Na mashine ya kukata nyasi za uwanja wa mpira nikapewa. Na zamu ya kusafisha vyoo vya ukumbi nikapewa. Bado ni mgeni.

Sasa basi. Kibao kitawafunza.

Alhamisi, 6 Machi

Kibao kiko langoni tangu juzi. Nimekaa barazani na chai kuona kitakavyopokelewa.

Bibi Irma Zwar alisimamisha gari kuuliza tumenunua mbwa wa aina gani. Nikamuuliza mbwa yupi. Akasema huyo Garrow. Mchungaji amemuuliza Noelene, mke wangu, kama mpangaji wetu mpya angependa kuja kanisani. Mchana akapita Colin Schirmer. Huyu ni mwenyekiti wa ukumbi, mwenyekiti wa klabu na nahodha wa zimamoto. Pembe ya shamba lake inaitwa Kona ya Schirmer, tena imeandikwa kwenye ramani ya zimamoto. Kwa kawaida Colin akinipita barabarani hunisalimu kwa kuinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Akimpita Noelene huinua mkono mzima. Leo alisimama kabisa.

"Kumbe mnauza," akasema. "Huyo Garrow ni mtu wa wapi?"

Nikamwambia Garrow ni mimi. Akakitazama kibao, kisha akanitazama mimi.

"Acha utani, Merv," akasema, akaondoa gari. Kidole kimoja.

Jumapili, 9 Machi

Noelene amenifumbua macho bila kukusudia. Mimi nilikuwa nalalamika, yeye anakamua malimau. Akasema mbona Noske mwenyewe aliishi hapa miaka arobaini na watu wakipaita kwa Hentschke. Pakawa kwa Noske alipohamia makaburini.

Nikaweka kikombe chini. Kumbe! Nyumba haichukui jina la anayekaa. Inachukua jina la aliyeondoka. Nimekosea miaka kumi na saba kwa kukaa.

Njia za kuondoka ni mbili. Ya kwanza sina haraka nayo. Ya pili ni kuuza. Na nyumba ya Kleinig, kule kilimani, inatafuta mnunuzi tangu mwaka juzi. Tutauza hapa, tutanunua kule, nami nitakaa barazani na darubini yangu, nikiitazama kule chini nyumba inayoitwa kwa Garrow.

Nikamweleza Noelene. Alikamua mpaka malimau yakaisha. Kisha akasema katika maisha yake hajapenda nyumba kama hii, kwamba ule mlimau ulikuwa kijiti alipoupanda, na kwamba kule kwa Kleinig tangi la maji ya mvua limeoza. Nikamwambia tangi hutiwa kiraka.

"Yaani, Merv," akasema, "unataka kuuza nyumba nzuri ili watu waiite kwa jina lako ukiwa hukai humo."

Nikamwambia hivyo hivyo, na kwamba nimefurahi tumeelewana. Akaenda nje kwenye mlimau wake. Alikaa huko muda mrefu.

Ijumaa, 21 Machi

Tumeuza. Mnunuzi ni Tess Akkermans, muuguzi mpya wa zahanati. Noelene amekubali kwa sharti moja, nalo limeandikwa kwenye mkataba huku wakili akivua miwani na kuivaa tena: kwamba ataruhusiwa kuingia kuchuma malimau siku yoyote, mpaka kufa. Nami nikaweka langu. Kibao kibaki langoni. Tess akasema hakuna shida, yeye pia anapenda mbwa.

Nyumba ya Kleinig tumeipata kwa bei ya chini kabisa. Sikuuliza kwa nini. Ukiuliza sana unapandishiwa.

Jumamosi, 10 Mei

Siku ya kuhama. Colin aliniazima tela lake, akaongeza na ushauri wa bure: nipite barabara kubwa, kwa sababu mvua imenyesha. Nikajua anataka kunichelewesha. Nikakatiza kando ya shamba lake. Kuna mtaro pale. Ni mpana kidogo kuliko nilivyoukumbuka.

Gari lilivuka. Tela halikuvuka. Kabati lilitangulia mtaroni, piano ya Noelene ikafuata, ikatua wima.

Haikupita nusu saa mji mzima ulikuwa pale. Hakuna aliyeitwa. Bibi Irma alikuja na jiko la soseji, Glenys na mikate, mchungaji na viti vya kanisa. Noelene alishuka mtaroni, akafuta tope kwenye kigoda, akaanza kupiga piano wakati tunasubiri trekta. Sauti tatu zimekufa. Watu waliimba wakiruka zile tatu. Mimi nilisimama ukingoni na soseji mkononi, na sijawahi kuona aibu ya namna ile.

Colin akaja na trekta. Akaniuliza si aliniambia barabara kubwa. Nikamjibu kwamba mtaro umehama. Ikabidi ashikilie tairi kwa kucheka. Alipokuwa anafunga minyororo akauliza kama jina la kwenye kibao kile ni langu kweli. Nikasema ni langu. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu.

Jumatano, 14 Mei

Kwa Kleinig. Tangi limeoza chini kote. Kiraka hakina pa kushika. Tunachota maji kwa Tess kwa ndoo. Chooni anaishi chura. Noelene amempa jina la Ludwig. Chura ana jina lake mwenyewe. Sisi ni wale wa kwa Kleinig.

Asubuhi nilikwenda dukani kuvuna matunda ya mpango. Nikamuuliza Glenys kijanja, kama mtu asiyejua, yule muuguzi mpya anakaa wapi siku hizi.

"Si kwa Noelene," akasema.

Nikamwomba arudie.

"Kwa Noelene. Pale penye mlimau. Merv, wewe umeishi pale."

Nimerudi bila mkate. Fikra yangu ilikuwa sahihi kabisa, ila imemfaidisha mtu mwingine, ambaye hata hakuwa anataka. Imeniuma. Jioni nilikula nimemgeuzia Noelene mgongo. Akaniomba chumvi. Nikampa. Hakuringa hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza.

Jumanne, 20 Mei

Niandike pole pole nisikose kitu.

Colin alikuwa anachoma mabua shambani kwake, moto ukamtoroka. Nahodha wa zimamoto mwenyewe! Mimi nilikuwa kwenye kituo cha zimamoto, zamu yangu ya kuosha vikombe. Redio ikakoroma. Colin, anahema:

"Leteni magari yote. Moto uko kwenye Mtaro wa Garrow. Narudia, Mtaro wa Garrow."

Hakuna aliyeuliza ni wapi. Hakuna hata mmoja! Magari mawili yaliwashwa kwa pamoja, nami nikarukia la pili na kikombe mkononi. Tulipofika, moto ulikuwa umeshuka mpaka ukingoni, ukakuta tope nililolivuruga na tela, ukakosa pa kwenda. Upande wa pili ni ghala la Bibi Irma na nyasi zake za mwaka mzima. Hazikuguswa. Tukamalizia kwa mabomba. Machozi yalinitoka. Moshi ulikuwepo, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa.

Nikamuuliza Colin kwa nini hawakuuita mtaro wa Noelene, maana yeye ndiye aliyetumbuiza.

"Piano ni ya Noelene," akasema, uso mweusi kwa masizi. "Mtaro ni wako, Merv. Nani mwingine angeingia humo?"

Tumerudi kituoni, na kweli, kwenye ramani ukutani, chini ya Kona ya Schirmer, ameandika kwa kalamu. Garrow. R mbili. Nimefurahi kuliko siku ya harusi, na harusi yangu ilikuwa nzuri. Wakati wa kuondoka Colin aliniinulia vidole viwili.

Alhamisi, 22 Mei

Noelene anasema basi, nimepata nilichokuwa nakitafuta. Sasa nitulie, tununue tangi jipya, tuache kuoga kwa kikombe. Nikamkubalia.

Lakini nimewaza. Jina bila hati ni jina la kuazima. Leo mtaro ni wangu. Kesho mtu mwingine ataangukia humo na kitu kikubwa kuliko piano, na utakuwa wake. Nimekwenda kwa Colin asubuhi kuulizia bei ya kipande kile, mtaro na ardhi yake pande zote mbili, nijenge hapo kibanda, nihamie. Colin alinitazama kwa huruma, jambo ambalo si kawaida yake.

"Kuuza nitakuuzia," akasema. "Ila ujue, bwana, siku utakayohamia pale watu watapaita kwa Schirmer."

Nikamwambia watu hubadilika. Nimelipa arabuni kwa pesa za tangi. Noelene nitamwambia akirudi. Amekwenda kwa Noelene kuchuma malimau.

Nimeagiza kibao kipya pia, kikubwa mara mbili ya kile. Fundi aliniuliza kwenye simu mzigo uletwe wapi. Nikamwambia dereva asihangaike kumuulizia Garrow. Aulize tu kwa Kleinig.