Judo ku Nyumba Bila Tatami

Mukubwa wa quartier na bibi yake, bapasta ba makanisa yote, batata bachimbaji, bamama ba soko, na miye mwenyewe, Coordinateur Omer, Baba wa Programme ya Judo. Na wewe Mama Kabedi, mwalimu wa judo uliyetupatia parcelle yako, hiki kiwanja cha Kasulo, tukutane: salamu! (Makofi. Ni ya dereva wake.)

Mama Kabedi aliniandikia barua ine, akiomba salle ya mazoezi na tatami, ile mikeka ya kuangukia: kuko batoto kumi na mbili, championnat, mashindano ya Lubumbashi, inafika wiki ijayo, na banaangukia simenti kila siku, mpaka Shekina, binti yake, amevunjika mukono. (Minong'ono.) Ilinichoma roho, kweli, na hapo, mu cadre ya vision intégrée, nikajiuliza: salle ya nini, kama judo iko tayari mu nyumba? Mama anasonga bukari? Apinde magoti, ashike mwiko sawa kola ya adui. Tata anatoka ku mugodi wa Mashamba, anavua bottes? Asimame mguu moja, aachane na kiti! Bidon ya maji iinuliwe na kiuno. Étude yetu inaonyesha ya kama asilimia tisini na saba nukta ine ya batu ba Kasulo banacheza judo bila kujua. (Kicheko.)

(Tata Ngoy, muchimbaji, anasimama: «Na kuanguka? Huku tulichimba cobalt chini ya nyumba zetu. Mutoto akipiga sakafu na nguvu, tutamutafuta mu shimo!»)

Swali muzuri sana! Kuanguka kutafanyika ku kitanda, kwa zamu, baba akiisha kuamuka. Tatami ya kweli iko mu roho! Judo ku nyumba! (Bamama ba soko banaangaliana.) Nilisema, judo ku nyumba! (Mutoto mumoja anapiga chafya.)

Sasa Mama Kabedi atie sahihi hapa, ya kama amepokea salle mupya na tatami makumi sita. Mama, unashika koti yangu? Ah, démonstration! Photographe, karibia! (Mama Kabedi anainama kwa heshima, kisha anapinda magoti.) Mama, miguu yangu haigusi tena chini. Mama, hii ni simenti! Lete tatami! Hapana, zitatoka wapi, hatukununua hata moja, salle yenyewe iko ku karatasi tu! Aksanti, Mama Kabedi, aksanti mingi kwa kunishika vile, usiniachilie kwanza. Tata Ngoy! Kimbia, lete kitanda!