Jinsi Masele Alivyoikomboa Kamba Mnadani Kishapu

Sogeeni, enyi wenye masikio, nanyi msio nayo azimeni kwa jirani, niwasimulie vita kuu ya mwaka wa hamsini na mbili, iliyopiganwa katika mnada wa ng'ombe wa Kishapu, ambayo washika kalamu waliacha kuiandika kwa wivu tu. Humo alisimama Masele ng'wana Jilala, simba wa mbuga ya vumbi, mshinda njaa tatu, asiyemwogopa yeyote chini ya jua ila mkewe Paskalina.

Asubuhi hiyo Masele aliuza dume lake jekundu kwa Bartholomeo, mchinjaji wa wachimba dhahabu wa Geita, mtu mnene wa mwili na mwembamba wa subira. Nyundo ikagonga, risiti ikaandikwa, na Masele, kama walivyofanya baba zake, akanyoosha mkono achukue kamba. Maana ng'ombe huuzwa, kamba haiuzwi. Ikienda, baraka ya zizi huifuata. Paskalina alikwisha kumwambia kwamba asiporudi nayo, alale hukohuko.

Lakini karani Ignas, mlinzi wa ua, bwana wa mihuri miwili, akainua kitabu cha kanuni kama ngao. Akatamka kwamba ndani ya ua ule hakuna kitu kinachohama mkono hadi mkono bila kunadiwa, na dume limenunuliwa kama lilivyosimama. Bartholomeo naye akaing'ang'ania kamba, akiuliza kama atamvuta mnyama kwa masharubu.

Masele akaomba asomewe risiti. Ikasomwa: dume moja, jekundu, pembe ya kushoto imevunjika. Akaomba isomwe tena, kwani kusoma hakujua, lakini kusikia alijua sana.

"Bwana karani," akasema, akiegemea fimbo, amesimama kwa mguu mmoja, "nimesikia pembe, hata ile isiyokuwapo. Kamba sikuisikia. Ambacho hakikuandikwa hakikuuzwa, na ambacho hakikuuzwa, kanuni yako yataka kinadiwe. Basi nakuomba uinadi."

Ignas akapekua kitabu chake mbele na nyuma, asione pa kutokea. Akapanda jukwaani, akainadi kamba ya katani, pima moja na nusu, yenye kinyesi. Masele akataja senti kumi.

Nani angepandisha bei juu ya kamba ya mwenzake? Ila Bartholomeo alikuwa mgeni, naye akafumbua kinywa. Hapo wauzaji, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kuwageuza ng'ombe wao kuelekea langoni. Mchinjaji akaziwaza sufuria tupu za Geita.

"Wasemaje?" akauliza Ignas.

"Nilikuwa napiga mwayo," akajibu Bartholomeo.

Nyundo ikashuka. Bartholomeo akaliongoza dume kwa mkanda wake, mkono mmoja ukishika mkanda na wa pili suruali. Mnada uliofuata, wanaume arobaini walijipanga wakidai kamba zao zinadiwe, na kabla ya adhuhuri Ignas akafunga kitabu, akasema kila mtu achukue yake aende. Hivyo ndivyo sheria ilivyotungwa Kishapu, na atakayewaambia ilitoka kwa Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali, msimsikilize.

Na Masele? Alifika nyumbani na kamba begani, mkononi risiti yake yenye mihuri yote miwili. Paskalina akaipokea kamba kwa mikono miwili, akaifunga kwenye nguzo ya zizi, akacheka kwa furaha. Risiti akawashia moto wa ugali.