Saa ya Baba Mkwe

Jumamosi, 6 Juni

Baba mkwe leo katoa habari njema kwa sauti ya msiba. Anafunga duka lake la ushonaji. Kasema macho yamekwisha. Asubuhi kaitazama saa yake ya mkononi, ile aliyopewa na marehemu mama mkwe, kaona moshi mtupu. Fundi nguo asiyeona mshale wa saa ataonaje tundu la sindano? Mke wangu akalia. Mimi nikainamisha kichwa kwa heshima, nikaanza kupima upana wa duka kimoyomoyo.

Duka zuri. Liko kando ya kituo cha basi, lina kibaraza na dirisha kubwa. Siku zote nimetamani kufungua duka la miavuli na ushauri. Mtu aje kununua mwavuli, aondoke na mawazo. Kwa sasa nafanya kazi kwenye ghala la viti vya plastiki. Huko hakuna anayetaka ushauri wangu, na kila nikiutoa naongezewa viti vya kubeba.

Kikwazo ni mwanyumba wangu, mume wa dada ya mke wangu. Naye analitaka duka, auze simu. Baba mkwe kasema funguo atampa mkwe mwenye mkono mtulivu, na atatamka Jumapili ijayo baada ya chakula. Hapo hapo mwanyumba akaunyoosha mkono wake mezani, umetulia kama gogo, saa yake kubwa ya dhahabu ikimulika ukuta. Dhahabu tupu, husema, hata asipoulizwa.

Nikajisikia nikisema, "Baba, niachie saa yako nikusafishie. Saa nazijua." Akaivua, akanipa.

Saa sizijui.

Jumapili, 7 Juni

Mtu makini huanza na mali yake. Nimejaribu kwanza kwenye saa yangu mwenyewe. Sufuria ndogo ya chai, maji ya moto, sabuni ya unga, siki kidogo ya kutia makali. Saa ikatoka inang'aa kama imezaliwa leo. Nikajipongeza.

Baadaye kioo kikaanza kupata ukungu kwa ndani. Kisha likatokea tone la maji, likawa linatembea kutoka tatu kwenda sita bila wasiwasi wowote. Nikaiweka juu ya pasi ya moto ikauke. Mkanda wa ngozi ukajikunja kama jani la kiangazi. Mishale ikasimama.

Jioni mke wangu akauliza kwa nini chai inanuka kiatu. Nikasema labda ni majani mapya.

Jumatatu, 8 Juni

Nimepita kwa fundi saa, yule anayekaa na meza yake ya kioo nje ya duka la dawa. Nikamwambia saa ni ya rafiki yangu. Akaitazama kwa lenzi yake, akanitazama mimi kwa lenzi ile ile.

"Huyo rafiki yako aliichemsha ili aile na nini?"

Nikacheka kwa niaba ya rafiki. Akasema maji yakishaingia ndani ni kazi ya fundi, na saa hiyo atajaribu kuiokoa, ila haahidi. Kuhusu nyumbani, mtu asafishe nje peke yake. Asiizamishe, asiipashe moto, asifungue mfuniko wa nyuma hata akishikwa na hamu namna gani. Nikamshukuru. Njiani nikaona wazi kwamba anautetea mkate wake. Watu wote wakijua kusafisha saa, yeye atakula wapi?

Jumanne, 9 Juni

Wazo. Kabla ya kuigusa saa ya Baba mkwe, mkono unahitaji mazoezi, na saa ya mazoezi imo mkononi mwa mwanyumba. Nikampigia, nikamsifia saa yake mpaka nikajionea aibu. Nikamwambia Jumapili ni siku kubwa, dhahabu ile inastahili kung'arishwa, na mimi kama ndugu sitaki chochote. Akaileta mwenyewe, imefungwa kwenye leso.

Safari hii sikutumia maji. Mimi si mtu wa kurudia makosa. Nimetumia dawa ya meno, magadi na sifongo ya chuma. Nikasugua. Dhahabu ikaanza kutakata. Nikaongeza nguvu. Dhahabu ikaja. Ikaja yote, ikahamia kwenye sifongo. Chini yake kuna kitu chenye rangi ya mfuniko wa sufuria.

Nikakaa sakafuni bafuni. Nikafikiria kuhama nyumba, kuhama kazi.

Jumatano, 10 Juni

Nimeamka na akili mpya. Hebu fikiri: dhahabu tupu haitoki kwa dawa ya meno. Akilalamika, atakuwa ameungama.

Nikamrudishia jioni kwake, mkewe akiwa sebuleni. Akaikunjua leso. Mdomo ukafunguka, ukafungwa. Shemeji akasogea, akauliza mbona imekuwa nyeupe. Mwanyumba alikuwa na sura ya mtu aliyemeza kijiko.

"Hii ni dhahabu nyeupe," akasema hatimaye. "Hujitokeza ikisafishwa vizuri."

Nikaitikia kwamba ndivyo. Tena ni adimu zaidi. Akanishukuru mbele ya mkewe, akanipa mkono, akaufinya mpaka vidole vikalia. Nilitabasamu njia nzima. Mkono wa mazoezi umevimba.

Alhamisi, 11 Juni

Leo ndiyo leo. Nimeiweka saa ya Baba mkwe juu ya meza ya jikoni. Nikachukua kisu cha matunda, nikaanza kuubandua mfuniko wa nyuma. Uchafu wa kweli uko ndani, moyo uliniambia.

Mke wangu akaingia kutoka kazini. Yeye ni muuguzi, kutwa nzima yuko na vidonda na sindano za watu, hana subira na kisu kilichokaa vibaya. Hakupiga kelele. Akaweka mkoba chini.

"Weka kisu."

Nikaweka.

"Hiyo ni saa ya mama," akasema. "Yeye ndiye aliyekuwa akiifuta. Kila Ijumaa, kwa ncha ya mtandio wake, baba akiwa bado ameivaa. Alikuwa anamshika mkono anamwambia tulia. Tangu afariki hakuna aliyeifuta."

Nikakirudisha kisu kwenye droo.

Tukanawa mikono, tukatandika taulo mezani, saa ikianguka ianguke pazuri. Akahakikisha kile kifundo cha pembeni cha kuwekea majira kimesukumwa ndani sawasawa. Akaufungua mkanda wa saa, maana ngozi na maji haviivi chungu kimoja. Maji ya uvuguvugu kwenye bakuli, tone la sabuni laini. Saa yenyewe haikuingia humo. Kilichoingia ni kitambaa laini, naye akakikamua mpaka kikawa kama hakijalowa. Akanipa mimi.

Kioo kilikuwa na ngozi yake ya pili. Chaki ya kukatia nguo, mafuta ya cherehani, jasho, miaka. Nilifuta taratibu, nikageuza kitambaa, nikafuta tena. Kwenye pembe akanipa mswaki laini, mpya, nao haukulowa zaidi ya ulimi wa paka. Mkanda tuliupangusa tu, tukauacha kivulini ukauke wenyewe. Mke wangu akaikausha saa, akaiweka sikioni, akatabasamu huku machozi yanamtoka.

Nilijisikia vizuri kwa namna ya ajabu. Halafu nikakumbuka duka, nikajisikia vizuri zaidi.

Ijumaa, 12 Juni

Nimechora ramani ya duka. Miavuli kulia, ushauri kushoto. Msimamizi wa ghala kanikuta nikichora. Nimebeba viti mpaka saa ya kutoka.

Jumapili, 14 Juni

Chakula nilikimeza tu, sikukionja. Mwanyumba kavaa shati la mikono mirefu, kalifunga mpaka vifungo vya mwisho, saa haionekani. Vyombo vilipoondolewa nikamwamkia Baba mkwe upya kana kwamba ndiyo kwanza naingia, nikampa saa yake kwa mikono miwili.

Akaivaa. Akaitazama. Akaugeuza mkono huku na huku mpaka nikadhani nimeiharibu. Kisha akainuka, akaenda dirishani, akauinua mkono kwenye mwanga.

"Saa nane kasoro," akasema polepole. "Mshale mdogo huu hapa. Mkubwa huu hapa."

Akachomoa sindano kwenye ukosi wa koti lake, akamwomba mke wangu uzi. Akakosa. Akalowesha uzi mdomoni, akakosa tena. Mara ya tatu ukapita. Mzee akasimama pale na sindano yake kama mtu aliyeokota mtoto wake sokoni.

"Kumbe ni kioo," akasema. "Miezi yote hii najihesabu kipofu, kumbe ni kioo."

Mke wangu akamwambia pamoja na hayo wiki hii atampeleka kupimwa macho, miwani haikwepeki. Mzee akasema hata kesho twende. Kisha akanigeukia, akanishika bega. Kasema mkwe mwenye mkono mtulivu ameonekana, na hatasahau mpaka anaingia kaburini. Moyo ukapaa. Nikaanza kunyoosha kiganja kupokea funguo.

Akasema na duka halifungwi tena. Kesho asubuhi anafungua mlango.

Mwanyumba akanywa maji ili asicheke, yakampalia. Sikuweza hata kumpiga mgongo, mkono bado umevimba.

Lakini niandike na hili, kwa kuwa hakuna atakayelisoma. Tulipokuwa tunaondoka, mzee aliniomba niwe nampitia kila Ijumaa nimfutie kioo. Nilisema ndiyo kabla sijafikiria nitapata nini. Nilipofikiria baadaye, bado ilikuwa ndiyo.

Jumatatu, 15 Juni

Nimepita dukani nikienda kazini. Mlango wazi, cherehani inaunguruma, mteja wa kwanza kavua suruali nyuma ya pazia anasubiri kupunguziwa pindo. Sawa. Mungu akifunga duka, hufungua ghala.

Maana somo la wiki hii nimelishika barabara: watu hawaoni thamani ya mambo kwa sababu ya vioo vichafu. Msimamizi wetu, kwa mfano. Miwani yake imejaa mikwaruzo, ndiyo maana hanioni mimi kama mtu wa ofisini. Leo aliivua akaenda kula, akaisahau juu ya viti vyekundu. Sasa iko mfukoni mwangu. Kesho asubuhi atanitazama kwa mara ya kwanza.

Nimeshanunua msasa. Ule laini kabisa.