Mahindi ya Mama Mkwe na Njia ya Baiskeli

Oswaldi wa Mazwi hakuwahi kushindwa na kitu chochote chenye magurudumu. Kama huamini, ungemwuliza mwenyewe. Usipomwuliza angekuambia hivyo hivyo, tena akiwa bado anakujazia upepo tairi.

Alikuwa fundi baiskeli, na kibanda chake kilikuwa kando ya barabara iteremkayo sokoni. Kwa maelezo yake, hakuna spoku inayozunguka kati ya Mazwi na Kasense ambayo haikupita mikononi mwake, na baiskeli aliyoitengeneza yeye haiharibiki. Wanaoharibika ni wanaoipanda.

Mtu wa namna hii ukimpa kipaza sauti, umeshagawa mchana wako bure.

Ndivyo ilivyokuwa siku Injinia Lydia wa halmashauri alipoitisha mkutano wa wananchi. Alikuja na mchoro: upande mmoja wa barabara ya sokoni, pale yanapoegeshwa malori, papatikane njia ya baiskeli. Kwa kuanzia ingechorwa kwa chokaa na kupangiwa mawe, ijaribiwe kwanza. Akasema hakuja kuhubiri, amekuja kusikiliza, kila mmoja aseme lake.

Oswaldi akasema lake. Kisha akasema la Saad mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akasema la bodaboda, la wanafunzi, na la marehemu baba yake, ambaye angekuwepo angeafiki. Mikono ya akina mama ilipoinuka kule nyuma, aliipungia kama mtu anayefukuza kuku kwenye ulezi.

"Shusheni mikono, mama zangu. Yenu nimeshayasema."

Jua lilipoanza kuinama, watu wakamchagua kuwa mwenyekiti wa kamati ya njia ya baiskeli. Hawakuwa na namna nyingine ya kumnyang'anya kipaza sauti.

Lakini tusimwonee. Oswaldi aliitaka njia ile kwa moyo wake wote. Wakati wa mvua zilizopita, mkewe Coleta alikuwa anapeleka maandazi sokoni kwa baiskeli, lori likamsogeza, likamsogeza tena, mpaka likamlaza mtaroni na ndoo yake. Mkono ulivunjika. Hadi leo baridi ya Ufipa ikikaribia, mkono ule unajua kabla watu hawajatoa masweta sandukuni. Pale pale hospitali Oswaldi alimwapia: "Mama Angela, utapita barabara ile kama malkia, na malori yatakuangalia kwa mbali."

Sasa Injinia naye alikuwa ameacha sharti. Angerudi Alhamisi kuitazama njia. Akikuta baiskeli zinapita, itajengwa kwa zege. Akikuta haitumiki, chokaa itafutwa na malori yatarudi kulala mahali pao.

Oswaldi aliyavizia malori usiku na mchana. Kumbe adui alikuwa mahindi.

Ulikuwa msimu wa mavuno, na Ufipa ikishavuna, kila kilicho bapa kinaanikiwa. Mapaa yanaanikiwa. Viwanja vya mpira vinaanikiwa, golikipa anadakia pembeni. Mtu akilala chali juani akanyooka vizuri, ajihadhari. Halafu hapo mjini kati pakatokea njia laini, imefagiwa, imezungushiwa mawe, gari haliingii. Akina mama walipoiona walidhani safari hii serikali imewakumbuka.

Oswaldi akaandika bango kwa rangi nyekundu: MARUFUKU KUANIKA MAHINDI HAPA. HATA UWE NANI. ATAKAYEKUTWA NAYO NJIANI ATAFAGIA WIKI NZIMA. Chini yake akaweka jina lake, kwa herufi kubwa kuliko za marufuku yenyewe. Akalisimika mbele ya duka la Saad.

"Hata uwe nani ndiyo nani?" Saad akauliza.

"Hata padri. Hata diwani. Hata wewe na ukoo wako, Saad."

"Mimi sina mahindi, Mwenyekiti. Nina misumari."

"Hata misumari."

Alhamisi ikafika na upepo wake ule unaoingia hadi kwenye meno. Oswaldi akavaa koti alilofungia ndoa na helmeti aliyoisugua hadi ikawa unajiona. Waendesha baiskeli wa Mazwi aliwapanga kule juu ya mteremko, wamngoje. Injinia akishafika washuke kwa msafara, yeye mbele. Akatangulia kwa miguu kwenda kukagua, mikono nyuma, kama waziri anayekagua gwaride.

Alipokaribia duka la Saad akaona njia imegeuka dhahabu. Mahindi, tena yaliyopukuchuliwa, yametandazwa kutoka jiwe hadi jiwe.

"Nani huyu aliyechoka kukaa kwa amani?" aliunguruma. "Leo nitamfagiza mtu mpaka ufagio uombe likizo!"

Mwenye mahindi alikuwa ameinama na reki, amempa mgongo. Akanyanyuka kidogo kupumzisha kiuno. Oswaldi akaona sweta la kahawia lenye kifungo kimoja chekundu. Hakungoja kuona zaidi. Akaruka mtaroni, koti la ndoa na yote.

Alikuwa Bi Jovina wa Kasense, mama mkwe wake.

Kwao Oswaldi, mama mkwe hatazamwi usoni wala hasemeshwi. Ukimkuta njiani unampisha, unageuka, unasoma majani ya mti. Tangu amwoe Coleta, Oswaldi alikuwa amezungumza na Bi Jovina mara moja tu, tena kupitia ukuta, na ukuta wenyewe ndio uliojibu. Kwa hiyo ule mdomo uliomaliza mkutano mzima ulikuwa umekutana na kizuizi chake cha barabarani.

"Saad," alinong'ona kutoka mtaroni. "Saad, ndugu yangu. Mwambie mama aanue."

Saad akatoka na kikombe cha chai. "Nimwambie kama nani?"

"Kama jirani."

"Bango halina jina langu, Mwenyekiti." Akanywa chai, akalisoma bango polepole kama anayejifunza kusoma. "Hata... uwe... nani. Duh. Maneno makali haya. Aliyeyaandika lazima ni mwanamume kweli."

Oswaldi akaona hana msaada. Akakumbuka mbinu ya wazee: mkwe hasemeshwi, lakini hakuna mila inayokataza kusemesha kitu kilicho karibu naye. Akachomoza helmeti kidogo, akaigeukia nguzo ya umeme.

"Ewe nguzo," akasema kwa sauti ya kanisani, "sikia nikuambie. Injinia anakuja sasa hivi. Akikuta mahindi hapa, njia imekufa. Ingekuwa vizuri mahindi haya yaende kuota jua mahali pengine."

Bi Jovina hakugeuka. Akaendelea kugeuza mahindi taratibu.

"Wewe reki," akasema, "mwambie nguzo hivi. Jana nilipeleka mahindi kwenye mzani wa ununuzi, wakanirudisha, wakasema yana maji. Leo mzani unafungwa. Nisipouza leo, nitauza kwa walanguzi kwa bei ya pumba. Halafu muulize nguzo kama ana jua lingine."

Watu walishaanza kukusanyika. Mmoja akaiambia nguzo pole.

Oswaldi akajikunyata mtaroni, akampigia mkewe simu. "Mama Angela, mama yako yuko kwenye njia ya baiskeli na mahindi. Njoo mbio umwondoe."

"Najua yuko hapo," Coleta akajibu. "Mimi ndiye niliyempeleka."

"Wewe! Kwa nini hakuanika nyumbani?"

"Nyumbani wapi, Baba Angela? Uani umejaza mafremu ya baiskeli zako zisizoharibika. Hata kuku siku hizi wanapita kwa zamu." Kisha akaongeza, taratibu, "Ulipoandika hata uwe nani, ulisahau kama mimi nina mama?"

Simu ikakatika. Na huko chini likaonekana gari la Injinia.

Sasa ndipo Oswaldi alipofanya lile ambalo Mazwi bado inalisimulia. Akachomoka mtaroni, akapanda mteremko mbio, akarukia baiskeli yake. "Nifuateni mimi!" akawaambia wenzake. "Nitapita ukingoni, palepale penye nafasi ya tairi. Mkiniona nimepita, piteni!" Ukingoni pale nafasi ya tairi ilikuwepo kweli. Mtu aliyetazama mbele angeweza kupita.

Lakini Oswaldi hakuweza kutazama mbele. Mbele alikuwepo mkwe.

Akateremka kama jiwe, koti linapepea, msafara nyuma yake unalia kengele. Alipofika karibu, adabu ikamgeuza shingo. Uso ukaelekea duka la Saad, baiskeli ikaelekea Bi Jovina. Akazikumbuka breki. Zilikuwa kwenye zile kazi zake za kesho.

Punje za mahindi chini ya tairi ni gololi. Baiskeli ikaenda kushoto, Oswaldi akaenda kulia, helmeti ikachagua njia yake yenyewe. Fundi akasafiri kifudifudi juu ya mahindi, akasimama miguuni pa mama mkwe, akabaki pale pale uso ukiwa umezama. Hakuthubutu kuinua kichwa. Akiinua, atamwona.

Msafara ukasimama kwa mpangilio mzuri. Wengi wao walikuwa wametengenezewa breki na fundi mwingine.

Injinia Lydia akashuka garini. Akatazama mahindi, akatazama bango. "Mwenyekiti wenu yuko wapi?"

"Ameanikwa," Saad akasema.

Injinia akamsogelea Bi Jovina. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, hii njia hamuitaki?"

"Nani kasema? Binti yangu alivunjwa mkono hapo kwenye mtaro. Hii njia mimi naitaka kuliko wewe uliyeichora." Bi Jovina akaegemea reki. "Ila siku ile ya mkutano nilinyoosha mkono. Aliyeshika kipaza sauti akasema yangu ameshayasema. Nikangoja niyasikie. Mpaka leo nangoja."

Mahindi yalitikisika kidogo. Yalikuwa yanahema.

"Ulitaka kusema nini?" Injinia akauliza, na safari hii alitoa kalamu.

"Kwamba ule uwanja mtupu nyuma ya soko mtusakafie, uwe wa kuanikia. Wakati wa mavuno mahindi yakae kule, baiskeli zikae huku. Sisi hatuna ugomvi na baiskeli. Sisi hatuna pa kuanika. Mtu angetuuliza, bango lisingekuwepo."

Akina mama waliokuwa wamesimama pembeni wakaitikia kwa pamoja, na Injinia akaandika.

Wakati huo kulikuwa na punje moja iliyoingia mdomoni mwa Oswaldi tangu alipotua. Kwa aibu alikuwa amekaza meno, na Injinia akiwa bado anaandika, punje ikapasuka: ko! Kila mtu aliisikia.

Bi Jovina akainua kichwa. Mkulima anaujua mlio ule kama mama anavyojua kilio cha mwanawe.

"Reki," akasema, "umesikia? Yamekauka."

Basi pakawa na kazi. Waendesha baiskeli wakalaza baiskeli zao, wakakusanya mahindi na kuyajaza kwenye viroba, mengine wakayatoa chini ya Oswaldi kwa kumviringisha kama gogo. Kila kiroba kikapanda keria, msafara ukashuka kwenda kwenye mzani kwa njia ya baiskeli, kengele zinalia, Coleta naye akiwa katikati na maandazi yake, na lori moja likisubiri nyuma kwa adabu. Injinia akapiga picha mpaka simu ikajaa.

Zege lilipitishwa. Sakafu ya kuanikia nayo ikapitishwa. Lakini Injinia akasema kamati iundwe upya, safari hii kwa kusikiliza mikono ya nyuma, na mikono ya nyuma ikamchagua Bi Jovina kuwa mwenyekiti. Oswaldi wakamhurumia, wakampa ukatibu.

Kikao cha kwanza alikaa amempa mwenyekiti mgongo, anatazama dirisha, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuchangia hoja hata moja. Wajumbe walimaliza mapema, wakawahi kula.

Likabaki suala la bango. Bi Jovina alikuwa ameshaondoka na mahindi yake yote kabla hajaadhibiwa. Aliyebaki njiani na mahindi, mfukoni, kwenye soksi na ndani ya koti la ndoa, alikuwa mmoja, na jina lake lilikuwa limeandikwa pale pale kwa herufi kubwa.

Hivyo wiki nzima Oswaldi alifagia. Kila asubuhi Bi Jovina alipopita akitoka Kasense, amekaa kwenye keria ya baiskeli ya mpwa wake, Oswaldi aliingia mtaroni na kugeukia ukuta.

"Wewe ufagio," mama mkwe alisema bila kugeuka, "pale kwenye kona umebakiza."

Na fundi ambaye hajawahi kushindwa na kitu chenye magurudumu akaitazama nguzo ya umeme.

"Nguzo," akasema kwa unyenyekevu, "mwambie ufagio amesikia."