Kuku Arobaini kwa Wakati Mmoja

Ninayo heshima kuutangazia umma wa Singida kwamba katika mwaka huu wa 2003, zama za soko huria, seva yetu ya kutolea vibali vya kusafirisha mifugo imepata toleo jipya. Linahudumia watu mia mbili kwa wakati mmoja. Kompyuta tunayo moja. Wakubwa hawakuuliza, nasi hatukutaka kuonekana wajuaji.

Sifa ya pili niliipendekeza mwenyewe: karani asipogusa vitufe kwa dakika mbili, seva humtoa na kufuta alichojaza. Ikimtoa mara tatu, hujifunga mpaka kesho. Uzembe basi.

Mteja wa kwanza alikuwa Bi Anastazia wa Sepuka, mwenye kuku arobaini ndani ya matenga. Basi la Dar huondoka saa sita, na bila kibali dereva hapakii kuku. Karani Felista alifungua fomu, kisha akatoa mikono kwenye vitufe, maana mtu mzima hasalimiwi huku unachapa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Za Sepuka?"

"Nzuri, mvua tu ndiyo imetukimbia."

Salamu zilipofika kwa wajukuu, seva ilimtoa Felista. Akaanza upya. Mzee Petro wa masjala akaingia, naye akasalimiwa kikamilifu. Ikamtoa tena.

Nilichukua hatua za kiutawala. Nilibandika tangazo: Salamu zote zitolewe nje ya jengo.

"Mwanangu," alisema Bi Anastazia, "kuku wakikosa basi, kwa jua hili nitarudi na mizoga."

Niliketi mwenyewe kuonyesha mfano. Nikajaza yote, likabaki jina la kijiji. Hapo akaingia mkurugenzi, Mzee Urbano, kukagua sifa mpya. Niliruka kitini.

"Shikamoo mzee!"

Nikaongeza taarifa fupi kuhusu kasi yetu. Ilichukua dakika kumi na tisa. Seva ikajifunga, na basi likaondoka. Niliona aibu kweli.

Mzee Urbano alisoma tangazo, akatazama matenga. "Kuku watalala ofisini kwako, Gaspari. Utawanywesha wewe."

Asubuhi, Felista akiandika kibali, Bi Anastazia alinikuta nje nikifua koti. Nilimwamkia huko huko, kwa mujibu wa tangazo. Akaniuliza za kazi.

Nathibitisha kwamba mfumo unafanya kazi. Wote arobaini wako hai. Niliwahudumia kwa wakati mmoja, na kila nilipotulia dakika mbili, walinitoa kitini.