Walinzi wa Nyanya Zangu

Jumatatu, 2 Juni
Hyasinta, bibi shamba wetu hapa Kibara, ametangaza: tarehe 21 wageni kutoka Musoma watachagua shamba moja la nyanya. Mwenyewe atapelekwa maonesho ya Nanenane. Nani kama si mimi? Labda Rhobi, jirani yangu, ambaye kwa bahati mbaya nyanya zake ni nzuri.

Kisha akatufundisha virusi. Mmea una walinzi wake. Kirusi kikiingia wanakikatakata. Mbegu yangu ya dukani ina walinzi wakali. Ila kuna kirusi kinachokuja na protini ya kuwafunga walinzi mikono. Hapo hata ugonjwa mwingine uliolala ndani ya mmea unaamka. Wenzangu walisinzia. Mimi nilisikiliza kila neno.

Jumatano, 4 Juni
Bunda, kwa shemeji Chrispin. Nyanya zake zina mabaka ya kutisha. Nikaomba majani, nikasema ni ya utafiti. Amefurahi ukoo kupata msomi.

Alhamisi, 5 Juni
Rhobi kaenda kikoba. Nikasugua yale majani kwenye miche yake mitatu. Wa nne roho ikanisuta. Nikarudi kwangu nikapogoa nyanya zote kwa vidole, mmoja mmoja, kwa upendo. Kunawa? Sikuwa na matope.

Jumanne, 17 Juni
Ile mitatu ina mabaka! Nikaenda kutoa pole. Rhobi akasema ameshaing'oa na kuichoma, yeye hanaga muda wa kubembeleza mche mgonjwa. Mwanamke hana huruma.

Alhamisi, 19 Juni
Mabaka kwangu. Majani yamejikunja, matunda yamedumaa, shamba zima. Walinzi wangu wamefungwa mikono, na nani? Mary, mke wangu, akauliza kama nilinawa nilipotoka Bunda. Anajua nini? Hakuwepo darasani.

Jumamosi, 21 Juni
Wamemchagua Rhobi. Nilijificha nyuma ya choo nikalia kabisa.

Baadaye mtaalamu mmoja akaomba kuona shamba langu. Akasema hajawahi kuona virusi viwili vikisaidiana vizuri hivi. Akapiga picha ya kubandika Nanenane, watu waone maangamizi. Niliomba nionekane na mimi. Nilivaa koti la harusi.

Jumapili, 22 Juni
Hyasinta amenielekeza ning'oe zote, nichome, na nisipande nyanya wala hoho pale, maana kirusi hubaki kwenye mabaki na udongo. Nimemwelewa vizuri sana. Kesho napanda hoho. Kirusi kimetoka kwenye nyanya. Chenyewe na hoho havijuani.